Tume ya Tutu na umati wa mitandaoni: mkosaji arudi kwa njia ipi?

Aprili 1996, mjini East London, Afrika Kusini, Askofu Mkuu Desmond Tutu aliinamisha kichwa mezani na kulia mbele ya kamera, huku shahidi akisimulia alivyoteswa. Tume ya Ukweli na Maridhiano aliyoiongoza, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, iliwaachia wakosaji njia nyembamba ya kupata msamaha wa kisheria: kosa liwe la kisiasa, na mwombaji aseme yote bila kuficha. Waombaji walizidi 7,000, ilhali waliosamehewa ni 849 tu. Linalowashangaza wengi ni kwamba sheria haikudai majuto, ilidai ukweli. (Familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, iliipinga mahakamani ikitaka haki kwanza, na sioni kama hoja yao imewahi kujibiwa ipasavyo.)

Umati wa mitandaoni huenda kinyume. Huko mkosaji hudaiwa majuto saa ileile, lakini akishaomba radhi, maneno yake hupigwa picha, husambazwa na kugeuzwa ushahidi wa pili. Aliyoyaandika akiwa na miaka 17 hufukuliwa akiwa na 35, naye ni mzazi tayari. Hakuna hakimu, wala muda wa adhabu, wala mwenye mamlaka ya kusema yamekwisha. Nakiri kwamba umati huo huwafikia wakubwa wasiogusika mahakamani, na hilo si dogo. Hata hivyo, ningekuwa mimi niliyekosa, ningechagua kuketi mbele ya tume ya Tutu, ambako maswali yalikuwa na mwisho.