Uzoefu wangu na WordPress: tovuti ya kwanza ya kikundi chetu cha wafuga nyuki

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Sijasomea kompyuta. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na simu yenye kamera nzuri, kompyuta mpakato ya kuazima, na agizo la kikao kwamba kikundi kiwe na tovuti kabla ya msimu wa kurina, kwa kuwa mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ametuuliza anwani ya tovuti yetu tukabaki kutazamana. Sasa nimeitumia WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ninaandika haya nikiwa nimeshalipia mwaka wa pili, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nimekuja kuilaani. Hata hivyo, karibu kila tatizo lililonipata nililiita mwenyewe kwa kuongeza vitu ambavyo tovuti yetu haikuvihitaji, na hilo ndilo hasa ninalotaka kulieleza.

Kwanza niliweke wazi jambo lililonichanganya kwa wiki nzima, nalo ni kwamba kuna WordPress mbili. Ya kwanza ni programu yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure kutoka wordpress.org na kuiweka kwenye seva aliyoikodi, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti. Ya pili ni WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic ambayo Mullenweg huyo huyo aliianzisha, nayo inakuhifadhia kila kitu, ama bure kwa mipaka yake, ama kwa malipo. Nilichagua ile ya kwanza, kwa sababu tulitaka kulipa kwa shilingi, kwa simu, kwa kampuni ya hapa nchini, badala ya kuhangaika kila mwaka kutafuta mwenye kadi ya benki inayokubalika nje.

Kabla ya kuamua nilikuwa nimeitazama pia Joomla, mfumo mwingine wa kujengea tovuti, na nakiri kwamba kilichonivuta ni jina, kwani waanzilishi wa mradi huo mwaka 2005 walilichukua kutoka neno letu "jumla" wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza. Lakini vijana wote wa Tabora mjini niliowauliza walikuwa wamewahi kuigusa WordPress, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa ile yenye jina la kwetu. Anayejenga tovuti ya kwanza anahitaji zaidi watu wa kuwauliza kuliko sifa za mfumo, hivyo nikaiacha Joomla kwa shingo upande.

Kuisakinisha WordPress, yaani kuiweka kwenye seva, kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ina kitufe maalumu cha kazi hiyo. Nilijaza jina la tovuti, jina la msimamizi na nywila, na kabla chai haijapoa nilikuwa ndani ya dashibodi, ukurasa wa msimamizi wa kuendeshea tovuti. Kuhusu jina la .co.tz, yaani anwani ya tovuti, nitasema moja tu: lisajiliwe kwa jina la kikundi na kwa barua pepe ya kikundi, si ya fundi aliyewasaidia, maana nimeshuhudia chama kimoja jirani kikimbembeleza kijana aliyehama mkoa awarudishie jina lao wenyewe.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba WordPress mpya haiji tupu. Inakuja na chapisho la mfano, maoni ya mfano na ukurasa wa mfano, na katika ukurasa huo yumo mtu anayejitambulisha kwa Kiingereza kuwa mchana husambaza vifurushi kwa baiskeli, usiku ana ndoto za uigizaji, na anaishi Los Angeles na mbwa wake. Sikuusoma. Nilijaza kurasa zetu, nikaweka picha za mizinga, nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Na kwa kuwa menyu ya mandhari (muundo unaoipa tovuti sura yake) niliyokuwa nimeichagua ilikuwa ikijiorodheshea kurasa zote yenyewe, bwana yule wa baiskeli akakaa katikati ya "Kuhusu sisi" na "Asali yetu". Usiku akanipigia mwanachama mmoja ambaye mwanawe yuko chuoni: "Katibu, mwanangu anauliza, huyu wa Los Angeles naye ni mwenzetu? Amelipa kiingilio?" Nilikuja kucheka siku ya pili, si siku ile.

Kuandika kwenyewe ndiko kunakoipa WordPress alama nyingi kwangu. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, kihariri chake kinafanya kazi kwa bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, jedwali ni bloku, na kila moja unaweza kuipandisha au kuishusha bila kuvuruga nyingine. Nilitengeneza jedwali la vyombo vyetu, kuanzia chupa ya nusu kilo hadi ndoo ya lita 20, nikaeleza chini yake tofauti ya asali ya nyuki wakubwa na ile ya nyuki wadogo wasiouma, na sikulazimika kuandika msimbo wowote. Mfumo pia unatunza matoleo ya awali ya kila ukurasa. Mwekahazina wetu alipofuta bei zote kwa bahati mbaya akijaribu kurekebisha moja, nilizirudisha kabla hajamaliza kuomba radhi. Kwenye simu ndogo, hata hivyo, bloku zinakwepa kidole, kwa hiyo marekebisho makubwa huyafanya mezani.

Matatizo yalianza nilipogundua kwamba programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuiongezea WordPress uwezo, nyingi ni za bure. Katika hazina rasmi ya WordPress zimo makumi ya maelfu, na mtu mgeni hutembea humo kama mtoto aliyeachwa peke yake sokoni na hela mkononi. Nilisakinisha ya picha zinazoteleza, ya kuhesabu wageni, ya dirisha linalochomoza kumsalimu mgeni, na nyingine ya kuweka vitufe vya mitandao ya kijamii ambayo kikundi chetu hakina hata akaunti. Nilipofika ya 19 nilikuwa najiona fundi.

Siku ya kikao niliifungua tovuti kwa fahari kwenye simu ya mwenyekiti, kijijini, ambako mtandao huja kwa kupepesa. Ulitokea ukurasa mweupe, kisha utepe wa juu, kisha fremu tupu mahali picha zilipopaswa kuteleza. Tulisubiri. Mzee mmoja akashauri tuendelee na ajenda nyingine, ikimaliza itatuita. Niliporudi nyumbani nikaupima ukurasa wa mwanzo kwa zana zilizomo kwenye kivinjari, nikakuta una megabaiti 14, na zaidi ya nusu ya uzito huo zilikuwa zimebeba picha nne tu zinazoteleza. Mtu anayenunua bando la kutwa hawezi kutumia kiasi hicho kuangalia mzinga.

Lililoniuma zaidi ni kuelewa baadaye kwamba kosa halikuwa la WordPress. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha kubwa inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa yenyewe inapopakiwa. Kabla ya hapo, tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015, mfumo humpa mgeni nakala kadhaa za picha ili kivinjari chake kichague inayolingana na ukubwa wa skrini; na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, picha zilizo chini ya ukurasa hazipakuliwi hadi mgeni anapozikaribia. Programu-jalizi yangu ya kutelezesha ilikuwa ikiweka picha kama mandharinyuma na kuchukua ile kubwa kuliko zote, hata kwa mwenye simu ya inchi tano. Kwa maneno mengine, WordPress ilikuwa imenichongea picha za kila kipimo, nami nikasakinisha kitu cha kuzipita bila hata kuzitazama.

Nilitumia siku mbili kuondoa. Picha zinazoteleza zilikwenda, ikabaki moja ya mzinga wa gogo ukiwa umetundikwa mtini. Hesabu ya wageni ikaenda. Dirisha la salamu likaenda, na nilipoliondoa nilijisikia kama niliyemtoa mlangoni mtu anayepigia kelele wateja. Siku hizi kila picha naipunguza hadi upana wa pikseli 1200 kabla ya kuipakia. Mandhari nzito niliyokuwa nimeipata mahali nimeibadilisha kwa moja ya zile zinazokuja na WordPress yenyewe. Programu-jalizi zimebaki tano, na ukurasa wa mwanzo hauzidi kilobaiti 800. Kwenye simu ya mwenyekiti sasa unafunguka, si haraka kama wa mjini, lakini unafunguka.

Kabla sijafanya usafi huo, usiku mmoja wa Jumamosi nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kusasisha kila kitu kwa pamoja, na programu-jalizi mbili zikagombana. Tovuti nzima ikageuka ukurasa mweupe wenye sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwamba kumetokea hitilafu kubwa, na hata dashibodi haikufunguka. Tangu toleo la 5.2, hali kama hiyo ikitokea WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa mlango wa dharura, na kweli ilituma; ila ilituma kwenye anwani ya ofisi niliyokuwa nimeifungua siku ya kusakinisha na sikuwahi kuitazama tena, wala nywila yake sikuikumbuka. Kijana mmoja wa mjini akanielekeza kwa simu: ingia kwenye jopo la kampuni ya hifadhi, fungua faili za tovuti, tafuta folda ya wp-content, ndani yake ile ya plugins, kisha badilisha jina la folda ya programu-jalizi unayoishuku. Niliongeza herufi moja mwishoni mwa jina, WordPress ikashindwa kuiona, ikaizima, na tovuti ikarudi. Ilikuwa saa nane za usiku. Tangu hapo nasasisha moja moja, baada ya kupakua nakala ya akiba ya faili pamoja na kanzidata, kwa sababu maandishi yote yamo kwenye kanzidata na picha zimo kwenye faili, na ukihifadhi upande mmoja umehifadhi nusu.

Kisa kingine ni kifupi na cha aibu. Kwa miezi miwili tovuti yetu haikuonekana Google hata ukiandika jina kamili la kikundi. Nilishalaumu kampuni ya hifadhi na mtandao wa wilaya nzima, kumbe kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku cha kuziomba injini za kutafutia zisiiorodheshe tovuti, nami nilikitia alama siku ya kwanza nikidhani nitakiondoa tukimaliza kazi.

Upande wa lugha sikuridhika sana. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, lakini nilipokichagua dashibodi yangu ikawa mchanganyiko, neno hili la Kiswahili na linalofuata la Kiingereza, na upande wa wageni maneno kadhaa ya mandhari yalibaki kama yalivyokuwa hadi nilipoyabadilisha kwa mkono. Nimeacha lugha ya tovuti iwe Kiswahili, na katika wasifu wangu nimeweka Kiingereza, jambo ambalo mfumo unaliruhusu. Sikuirudisha tovuti yenyewe kwenye Kiingereza kwa sababu mpangilio huo ndio unaozitambulisha kurasa kwa vivinjari na kwa programu zinazowasomea wasioona. Ukiuacha kwenye Kiingereza, asali inaweza kusomwa kwa matamshi ambayo hata nyuki hawatayaelewa.

Kwa fedha, tunalipia vitu viwili tu, jina na hifadhi, vyote kwa mwaka. Mandhari na programu-jalizi zilizobaki ni za bure. Kinachogharimu ni muda. Mtu anayetaka kujenga ukurasa mmoja wenye namba ya simu na kuuacha hivyo kwa miaka mitatu nisingemshauri achukue WordPress, kwa sababu isiposasishwa huwa mlango wazi kwa wahuni, na hata tovuti ndogo kama yetu hupata maoni ya barua taka kwa lugha nisizozijua. Niliyafunga maoni yote na sijayakosa. Lakini kikundi, shule au duka lenye habari za kubadilisha kila mwezi, na mtu mmoja asiyechoka upesi, kitafaidika nayo sana.

Wanachama sasa wanadai duka la mtandaoni, maana wamesikia kwamba WooCommerce nayo ni programu-jalizi ya bure. Niliijaribu kwenye nakala ya tovuti, ikafanya kazi, lakini bei zetu hubadilika na msimu, vifurushi husafiri kwa basi, na wateja wote hadi leo wanapenda kwanza kuuliza kwa WhatsApp kama asali ni ya mwaka huu. Nimeweka kiungo cha WhatsApp chini ya jedwali la vyombo, basi. Kwenye kikao kijacho wataniuliza tena, na jibu langu litakuwa lile lile mpaka apatikane mtu wa pili wa kushika zamu ya kusasisha Jumamosi.