Semina ya uongozi iliyonifumania nikiiga

Nilipoona ratiba ya semina ya siku 2 ikianza na mwanafalsafa Mfaransa, nilijua nimekuja kusinzia. Sikusinzia.

Mafunzo yote yamejengwa juu ya René Girard (1923–2015), aliyesema kwamba mara nyingi hatukitamani kitu kwa uzuri wake, bali kwa kuwa tumemwona mwingine akikitamani. Mkufunzi akagawa karatasi: andika mambo 3 unayoyataka kazini, na pembeni mwa kila jambo jina la uliyemwona nalo kwanza. Mawili niliyajaza upesi. La tatu, ukuu wa idara, kalamu iligoma. Jina lilikuwa la mwenzangu ambaye meza zetu zinagusana. Kabla hajaomba cheo hicho, mimi sikuwahi hata kukiota. Nikaandika herufi yake ya kwanza tu, nikaifunika kwa kiganja.

Katika kitabu chake cha 1961, Girard anatenganisha anayeigwa kwa mbali na anayeigwa kwa karibu. Don Quixote, mhusika wa riwaya ya Kihispania, anamwiga Amadis, shujaa wa hadithi anazozisoma, bila ugomvi, maana Amadis yumo vitabuni. Wa meza ya jirani hugeuka mshindani. Ndipo nikaelewa kwa nini watu wangu waligombania mradi mmoja ambao hakuna aliyeutaka hadi nilipousifia mimi kikaoni.

Kasoro zipo. Asubuhi nzima mkufunzi alisema “tamaa”, neno ambalo kwa Kiswahili tayari ni nusu ya lawama. Mtu wa nyuma akamalizia “mbele, mauti nyuma”, na darasa likaanza kujitetea. “Shauku” ingetosha. Epikuro, mwanafalsafa Mgiriki wa kale aliyechambua matamanio, naye alipitishwa mbio, sikuona hasara.

Kilichoniudhi ni siku ya pili. Somo la kafara, yaani jinsi kundi lililofarakana linavyopata amani kwa kumtwisha mtu mmoja lawama zote, lilibanwa kwenye dakika 20 za mwisho, watu wameshashika mikoba. Kwa mtu anayeongoza wenzake, hiyo ndiyo nyama yenyewe. Nilitaka kuuliza kuhusu kijana tuliyemhamisha idara kwa sababu “anavuruga kazi”: tukatulia miezi 2, kisha tukaanza kutafutana upya. Nikaambiwa niandike swali kwenye fomu ya tathmini.

Nimeliandika, likajaza hadi nyuma ya karatasi. Nyota 4 kati ya 5, na wakijibu nitaongeza ya tano.