Unapenda muziki mkubwa na unakaa apatimenti? Nunua kwa mpangilio huu

Nianze na jibu kwa asiye na muda. Kama unakaa ghorofani, ukuta wako ndio ukuta wa mwenzio, na unataka muziki wa kushiba, nunua hedifoni nzuri za waya zinazofunika sikio lote. Kama hedifoni huziwezi, chukua spika mbili ndogo za mezani ukae nazo karibu. Sabufa iwe ya mwisho, na sponji za kubandika ukutani usinunue kabisa. Sasa nieleze kwa nini, maana wauzaji wengi watakwambia kinyume chake.

Kinachomtesa jirani ni besi, yaani zile sauti nzito za chini. Sauti ya mwimbaji inaishia ukutani, tofali la inchi 5 au 6 lililopigwa plasta linazuia maneno vizuri tu. Lakini lile dundo la chini la amapiano, tuseme liko kwenye hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde), wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7, vyumba vyetu vingi havifiki hapo. Wimbi kama hilo linatikisa ukuta wenyewe, slabu ya zege nayo inatikisika, afu chumba cha pili kinapokea. Ndio maana jirani anakwambia hajalala kwa ajili ya du du du na wewe unashangaa, kwako mbona sauti ulikuwa umeshapunguza. Na kama mmetenganishwa na ukuta wa jipsamu ndio kabisa. Kwaiyo ukiwa dukani swali la kujiuliza ni moja tu, hiki kitu kinayapa besi masikio yangu tu au kinaipa nyumba nzima?

Namba moja, hedifoni za waya za kufunika sikio, zile ambazo nyuma yake zimezibwa. Hapa unaweza ukasikiliza saa nane usiku na aliyelala chumba cha pembeni asijue. Za kuanzia ambazo naziamini ni Audio-Technica ATH-M20x, huko Marekani huwa zinauzwa kama dola 50 na kitu, huku kwetu ongeza usafiri na ushuru. Waya wake una mita 3 na hauchomoki, kwaiyo ukikatika ni kazi ya fundi. Ukiweza kupanda kidogo, ATH-M40x waya wake unachomoka, na hiyo peke yake inatosha kuongezea hela kwa mtu anayetaka kitu cha kukaa nacho miaka. Sennheiser HD 280 Pro zinabana kichwa kidogo lakini kwa kuzuia kelele za nje bila betri ni noma, kiwanda kinasema mpaka desibeli 32 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa anayetaka besi yenyewe kuna Beyerdynamic DT 770 Pro, ila hapo uwe makini maana zinatoka za omu 32, 80 na 250 (omu zikiwa nyingi zinataka nguvu zaidi kusukumwa), na ukichukua za 250 simu yako haitazisukuma vizuri, utaishia kusema hedifoni mbovu kumbe zinataka amplifaya. Za kwenye simu chukua 32, ukiwa na laptopu 80 inatosha.

Simu nyingi siku hizi hazina tundu la jeki, ni kweli, lakini adapta ndogo ya USB-C inamaliza hilo. Ya Apple ni ya bei ndogo na inasikika safi, sema kuna simu za Android zinaipa sauti ndogo, ijaribu palepale dukani kabla hujatoa hela.

Kabla ya kulipa fanya hivi. Vaa hedifoni, weka wimbo unaoujua kwa sauti uliyozoea, afu muombe muuzaji asimame karibu yako akwambie anasikia nini. Akianza kuitikia wimbo, hizo zinavujisha. Zile zenye matundu au wavu nyuma zina sauti tamu ya wazi, ila unayelala naye chumba kimoja atasikia kila kitu, kwaiyo wenye familia ziacheni. Na zile ndogo zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika nazo zinavuja, halafu feki zake ni nyingi mno mjini.

Namba mbili, iafoni za kuingia ndani ya sikio, za waya. Hapa ndio penye thamani kubwa kuliko hela unayotoa, na nasema hivi nikimfikiria mwanafunzi aliyepanga chumba. Kampuni za KZ na Moondrop wanatoa za dola 10 mpaka 20 na kitu zenye besi ambayo sabufa ya laki na nusu haikupi kwa usafi ule. Siri iko kwenye vile vimpira. Kama kimpira hakijaziba sikio vizuri besi yote inapotea, kwaiyo jaribu saizi zote zilizo kwenye boksi, na masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza yakataka saizi tofauti.

Za blutuuthi zenye kufuta kelele, mfano Sony WH-1000XM4 au za Soundcore ukitaka nafuu, naziweka namba tatu. Ni nzuri, na ukizima feni na jenereta la jirani masikioni mwako hata sauti huna haja ya kupandisha. Ila betri inazeeka, na ukipigia kinanda au gitaa sauti inachelewa mpaka inakera.

Tukiwa bado kwenye hedifoni, tafadhali sana tunzeni masikio. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha desibeli 3 muda ulio salama unakatika nusu. Simu ikikupa onyo la sauti kubwa usilibonyeze tu lipotee. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi.

Namba nne, spika mbili ndogo za mezani. Kuna watu hedifoni zinawachosha, na kuna wenye watoto wanaotaka kusikia pamoja, hilo naliheshimu. Hapa unanunua ukaribu. Ukisogea nusu ya umbali unapata kama desibeli 6 za bure, ndani ya chumba zinapungua kidogo ila unazisikia, kwaiyo mtu aliyekaa mita moja kutoka kwenye spika anashiba kwa sauti ambayo aliyekaa kwenye kochi mita 4 ataiona ndogo. Edifier R1280T ndio chaguo langu, ina spika ya inchi 4 na pembeni kuna vitufe vitatu, kimoja cha besi, na hicho kitufe ndio kinachokununulia amani. Bajeti ikiwa ndogo Creative Pebble inatumia umeme wa USB, haina nguvu ya kumsumbua mtu, na kwa taarab au muziki wa dansi wenye magitaa mengi inatosha kabisa. Sikio lenyewe linajazia besi iliyokosekana kutokana na sauti za juu zake, ndio maana spika ndogo bado unafuata mpigo.

Ukiagiza spika kutoka Marekani angalia kibandiko cha umeme nyuma, kikiandikwa volti 120 tu usichomeke kwenye soketi ya huku bila transfoma, itaungua.

Spika za kubeba za blutuuthi zinafaa jikoni, sina mengi. Usizilaze juu ya meza ya mbao iliyogusana na ukuta wa jirani, basi.

Sabufa sasa. Najua wengi tayari ipo ndani na haiendi popote. Itoe kwenye kona, maana kona inaongeza besi sana, iondoe kwenye ukuta mnaopakana, iwekee chini kipande cha godoro zito, na kitufe cha besi kirudishe chini ikifika usiku. Godoro linapunguza mtikisiko unaoingia kwenye slabu, ila besi inayopita hewani haiguswi na godoro, tusidanganyane. Kwenye simu ya Android, app za Wavelet au Poweramp zina ikwalaiza ya kupandisha na kushusha besi, punguza kila kitu chini ya hezi 80. Wenzetu wa Kenya wana kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka yao ya mazingira, makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Bongo nako kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Desibeli 35 ni kama kunong'ona, sabufa haiwezi kukaa humo.

Sponji na trei za mayai, zile zinazobandikwa kwenye studio za mtaani, zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako tu. Sponji ya sentimita 5 haina habari na wimbi la mita 7, na zote mbili zinashika moto haraka. Hiyo hela nunua iafoni.

Kwa aliyechagua spika, kuna kazi moja kabla ya kuanza kuzitumia. Mgongee jirani, mwombe uingie kwake dakika tano mchana, acha mtu kwako apandishe sauti taratibu huku wewe unasikiliza ukiwa upande wa pili. Ukianza kusikia du du, rudi uweke alama ya kalamu kwenye kitufe cha sauti na cha besi.