Mafuta ya ubuyu kwa ngozi kavu: nayasifu, ila siyanywi

Tangu nihamie Dodoma kikazi napaka mafuta ya mbegu za ubuyu, na kwa ngozi kavu sijapata kitu kinachoyashinda. Anayetaka jibu la haraka, ni hilo. Anayetaka kujua anapaka nini hasa aendelee kusoma, maana mafuta haya yamesifiwa mpaka yakabebeshwa na kazi zisizo zake.

Mimi nimekulia Tanga, ambako unyevu wa bahari wenyewe unailinda ngozi. Huku kiangazi kikishika, upepo ni mkavu, vumbi halikatiki, na mwili unapauka muda mfupi tu baada ya kuoga. Kilichonitesa zaidi ni magaga. Yalifikia hatua ya kunasa kwenye shuka. Mafuta ya mgando yalinisaidia kiasi, lakini yananata, na ukitoka nje vumbi lote la barabarani linakugandia.

Chupa yangu ya kwanza niliinunua kwa kikundi cha akina mama waliokuwa na banda kwenye maonesho ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni. Mililita 100 kwa shilingi 12,000. Si bei ndogo, lakini walinieleza wanavyoyapata nikaelewa. Mbegu ni zile zinazobaki ubuyu ukishatolewa unga wake. Zina gamba gumu na mafuta yake ni machache, hivyo gunia zima linatoa lita chache tu, kilichobaki ni mashudu. Kwa hiyo ukikuta lita nzima inauzwa kwa bei ya alizeti, na mkoa huu una alizeti tele, shtuka.

Mama mwenye nyumba wangu, Mgogo wa Chamwino, hakushangaa aliponiona na ile chupa. Mbuyu kwao hautupwi kitu: majani ni mboga, magome yanasokotwa kamba, mbegu zinakaangwa na kutwangwa ziungwe kwenye mboga. Anasema zamani walizitwanga, wakazichemsha kwenye chungu, wakaengua mafuta yanayoelea juu na kuyaweka kwa ajili ya miguu iliyopasuka na ngozi za watoto wachanga. Aliyanusa ya kwangu akasema yamekamuliwa bila moto, kwa sababu yale ya chungu yana harufu nzito zaidi. Ya kwangu yana rangi ya dhahabu na harufu ya mbali ya karanga mbichi, ambayo haidumu mwilini.

Ninavyotumia: nikitoka kuoga sijifuti mpaka nikauke. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, namimina matone machache kiganjani, nasugua viganja, napaka. Hapo ndipo siri yote ilipo. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasipotee. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, utang'aa tu kwa muda kisha utapauka tena. Usiku naloweka miguu, nasugua visigino kwa jiwe, napaka kwa wingi na kuvaa soksi. Magaga yameziba. Viwiko na magoti, ambavyo vilikuwa vyeusi na vigumu, vimelainika.

Kinachofanya kazi hiyo ni aina ya mafuta yenyewe. Karibu theluthi moja ni asidi ya oleiki, kiasi kinachokaribia hicho ni asidi ya linoleiki, na karibu robo ni asidi ya palmitiki. Linoleiki ni miongoni mwa vitu ambavyo ngozi inavitumia kujenga ukuta wake wa nje. Kuna na vitamini E kidogo. Hiyo palmitiki ndiyo inayofanya mafuta yapoteze uangavu ukiyaweka kwenye friji, kwa hiyo usidhani yameharibika.

Sasa lebo. Nimeona chupa nyingi zimeandikwa kwamba mafuta ya ubuyu yamejaa vitamini C. Si kweli. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, na ipo kwenye ule unga mchachu tunaokoroga juisi. Ukiitaka, kula ubuyu. Wengine wanaandika kwamba yanang'arisha ngozi. Kwangu rangi haijabadilika hata kidogo, na nashukuru, kwa sababu mafuta yanayobadilisha rangi haraka huenda yamechanganywa na mkorogo. Michirizi ya uzazi pia ipo palepale. Ngozi ya tumbo imekuwa laini, ila mistari haijafutika.

Linaloniumiza zaidi ni wanaoyauza kama dawa ya kunywa, kijiko asubuhi na jioni, kwa kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Mafuta mabichi ya mbegu za mbuyu yana asidi za kundi la saiklopropenoidi, ambazo kwa wanyama waliolishwa zilivuruga namna mwili unavyoyashughulikia mafuta. Moto mkali huzipunguza, lakini haya ya kupaka hayakupitishwa motoni. Mgonjwa wa kisukari anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa hii anadanganywa, na anayemdanganya anajua anachouza.

Wala hayazuii jua. Mwenye ualbino asiyategemee mchana. Atafute losheni halisi ya kukinga jua, kama ile inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, aongeze kofia pana na mikono mirefu.

Usoni nayapaka kidogo sana, usiku tu. Mdogo wangu mwenye ngozi ya mafuta aliyajaribu akatoka chunusi kwenye paji la uso, akaacha. Kichwani yananifaa kwenye ncha za nywele, ila mba hayakuuondoa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi mpeleke hospitali kwanza.

Kasoro ya chupa yenyewe ni kifuniko: kinavuja, na ni ya plastiki angavu inayopitisha mwanga. Nimehamishia mafuta kwenye chupa ya kioo cheusi na kuiweka kabatini, kwa sababu mwanga na joto huyachachisha, na yakichacha utayajua kwa harufu kali ya rangi ya ukutani. Ukienda kununua, muulize muuzaji yamekamuliwa lini na kama mbegu zilikaangwa kwanza, kisha omba tone upake nyuma ya kiganja kabla hujatoa hela.