Anaolewa wa Nne: Uzoefu Wangu na Gotoubun no Hanayome

"Anaolewa wa nne, yule mwenye riboni ya kijani."

Hayo ndiyo niliyotupiwa na kijana wa duka la muvi, macho yake kwenye kompyuta, mguu juu ya stuli. Sikuwa nimemuuliza. Nilimpa flashi, nikamwambia aniingizie muvi ya Gotoubun no Hanayome, ile katuni ya Kijapani ya dada mapacha watano ambao mmoja wao ataolewa na mwalimu wao, ile muvi inayofunga hadithi, basi. Kwanza akacheka: "Madam, na wewe unaangalia hivi vitu vya watoto?" Halafu ndipo akanitobolea. Sizoni mbili, epsodi 24, nimezimaliza usiku kwa usiku nikitaka kujua ni nani yuko ndani ya lile shela, na huyu bwana mdogo kanimalizia kwa sentensi moja huku anatafuna karanga.

(Na wewe unayesoma nimeshakuharibia. Kamlaumu yeye.)

Nieleze nilifikaje huko, maana mimi si mtu wa katuni. Nafundisha tuisheni ya hesabu jioni, vijana wa kidato cha tatu na cha nne. Siku moja, kipindi cha mvua, nasahihisha madaftari, nikakuta nyuma ya moja pameandikwa kwa kalamu nyekundu: 12 + 20 + 32 + 8 + 28 = 100. Zoezi langu halikuwa na kitu kama hicho. Nikamwita mwenye daftari nikidhani ni mambo ya kubeti. Binti wa watu akaona aibu. "Madam, hizo ni maksi za wale mapacha watano. Kila mmoja kafeli, lakini ukiwajumlisha wanapata mia."

Mwalimu wa hesabu ukimwonyesha jumla iliyotoka kamili hivyo umeshamkamata. Nikaenda kuitafuta.

Mwanzoni ilinichukiza, sifichi. Jaladani wasichana watano wamepangwa, sura ile ile, nywele tu zinatofautiana, kama vitenge vya jora moja. Wenyewe wanaziita haremu hizi: mvulana mmoja, wasichana lundo, na kila akijikwaa anamwangukia mmoja wao. Mpwa wangu alishawahi kunionyesha mbili tatu za namna hiyo na niliapa sirudii. Hii nayo ina yale yale. Kuna hadi ya msichana katoka kuoga na taulo, rafu inaanguka, mvulana anamkinga, dada mwingine anapiga picha, kisha wanamweka kijana kitimoto sebuleni. Nilikuwa naangalia na dirisha nimefunga, majirani wasije wakaniuliza.

Epsodi ya kwanza ina kitu kimoja tu kizuri. Mvulana, Fuutarou, ni fukara mwenye madeni nyumbani. Kwenye kantini ya shule anaagiza seti ya nyama choma, halafu anasema nyama watoe. Bei inashuka mpaka ya wali mtupu, lakini supu na achari vinabaki kwenye sinia. Nilicheka peke yangu. Nimesoma chuo kwa "wali nyama, toa nyama, mchuzi acha", najua hesabu hiyo vizuri sana. Lakini dakika hiyo hiyo anamtukana msichana aliyekaa mbele yake kwamba anakula sana, atanenepa. Kumbe huyo msichana, Itsuki, ndiye anayetakiwa kwenda kumfundisha jioni, yeye na ndugu zake wanne, kwa malipo mara tano ya kawaida. Anafika kwao, hakuna anayemtaka. Wa pili, Nino, anamkaribisha kwa biskuti na glasi ya maji. Ndani ya maji kuna dawa ya usingizi. Kijana anaanguka, anarudishwa kwao kama gunia.

Nikazima. Mtu kumtilia mwalimu dawa kwenye maji, halafu tunaambiwa hapa kuna mke? Siku hiyo mngeniomba nyota ningetoa nusu, na hiyo nusu ni ya wali.

Kilichonirudisha si mapenzi, ni kazi. Yule binti wa daftari aliniuliza, "Madam, umefika kwa Miku?" Sikutaka kumwambia nimekimbia epsodi ya kwanza. Nikaendelea.

Miku ni wa tatu, yule wa hedifoni shingoni. Haongei. Anapenda historia ya Japani, zama za majemadari waliopigana zaidi ya karne moja, na anaficha kwa sababu anaona si mambo ya msichana. Fuutarou akigundua anajidai anajua. Miku anampa kinywaji cha chai ya kijani na kumwambia, "Usiogope, hakuna kamasi ndani." Kijana anabaki ametoa macho. Miku akajua hapo hapo: huyu hajui kitu, ananidanganya ili nikae nisome. Akafunga mlango.

Sasa Fuutarou anakwenda maktaba, anaazima vitabu vyote vya zama zile, anavisoma, anarudi. Ndipo tunajua maana ya kamasi: kuna kisa cha zamani cha majemadari wawili kwenye karamu ya chai, mmoja mgonjwa kadondosha uchafu wa pua kikombeni, mwenzake akakipokea akakinywa chote ili asimwaibishe. Fuutarou na Miku wanakimbizana huku wanatajiana majina ya majemadari mpaka pumzi zinaisha.

Nilikaa kimya kidogo. Miaka yote hii nafundisha, wangapi nimewafuata kule walikosimama? Mimi huwa napiga ubao na rula: "Tazameni huku!" Yule kijana wa kuchorwa alikwenda kusoma somo la mwanafunzi kabla ya kumfundisha la kwake. Na zile maksi zikapata maana. Ichika kapata 12, lakini hesabu anaziweza. Nino 20, ana Kiingereza. Miku 32, historia. Yotsuba, yule wa nne, 8, lugha yao ya Kijapani. Itsuki 28, sayansi. Hata jina la hadithi lina hesabu ndani, kama bibi harusi aliyegawanywa sehemu tano sawa. Majina yenyewe ni moja mpaka tano kwa Kijapani. Mwandishi wake, Negi Haruba, alikaa akalipanga hili, halafu akalifunika kwa taulo na rafu za vitabu ili watu kama mimi tukimbie.

Mpwa wangu ndiye aliyenicheka. Akasema shangazi, wewe unaogopa zile zinazoanza vibaya, hujaona zinazoanza vizuri. Akanisimulia katuni ya School Days ya 2007, inayoanza na mvulana anamchungulia msichana kwenye treni, tamu kama kashata, na inaisha kwa visu. Epsodi ya mwisho ilizuiwa siku ya kurushwa kwa sababu jana yake tu msichana mmoja kule Kyoto alikuwa amemuua baba yake kwa shoka. Kituo kikaweka picha za mandhari, maji na meli. Sijaitazama na sitaitazama. Lakini nilimwelewa.

Turudi. Sizoni ya kwanza, ya 2019, imechorwa ovyo na sitaitetea. Kuna nyuso zinapinda, kuna watu wamesimama kama vinyago dukani. Ya pili, 2021, ilipewa studio nyingine na unaona tofauti mara moja. Na huko kwenye ya pili ndiko wasichana wanapoacha kuwa vitenge. Wanaumizana. Ichika, dada mkubwa, anavaa kama Miku, anajifanya Miku, anamwambia Fuutarou kwamba Ichika anampenda na wanafaana. Kwa sura ya mdogo wake! Haremu nyingine wasichana wanasubiri zamu kama foleni ya maji. Hawa ni ndugu, na wivu wa ndugu nimeuona kwetu, hauna tabasamu. Na Nino, yule yule wa dawa, anakata nywele zake ndefu, anapanda nyuma ya pikipiki, anasema anampenda. Upepo unabeba maneno, kijana hasikii. Wangapi wangeshukuru Mungu kwamba hakusikia! Yeye akarudia. Nilipiga makofi sebuleni.

Mimi lakini nilikuwa wa Miku. Basi mjue hali niliyokwenda nayo dukani.

Nimefika nyumbani na flashi, hasira imenijaa, nasema huyo mtoto kanidanganya, haiwezi kuwa wa nne. Nafungua muvi: maandishi ya chini ni ya Kihispania. Zaidi ya saa mbili za Kihispania! Kijapani nimeshajifunza neno moja moja, "ohayo" na "arigato", lakini Kihispania mimi na wao hatujawahi hata kusalimiana.

Kwa uchungu nikarudia sizoni ya kwanza, kumtafutia kosa. Sikulipata. Yotsuba ndiye pekee aliyekubali kufundishwa tangu mwanzo, wenzake wote wamefunga milango. Anabeba vitabu, anasaidia kila mtu. Fuutarou anamuuliza kwa nini unanisaidia hivyo, anamjibu kwamba anampenda, halafu anacheka, anasema nakutania. Mara ya kwanza nilipita hapo nikiona ni kichekesho cha yule mpumbavu wa kundi. Maksi 8, riboni kama masikio ya sungura, nani atamtazama mara mbili? Nilimpita mimi, mwalimu, kama ninavyopita dawati la nyuma. Kama kijana wa duka asingetoboa, nisingerudi kumwona. Hapo ilibidi nikiri kwamba kunitobolea kumenifaa. Nikakiri moyoni, nikiwa nimenuna.

Kesho yake nikarudi dukani, kwa adabu zangu zote. "Kijana, hii ina maandishi ya Kihispania." Hakugeuka. "Madam, si uangalie tu picha? Mwisho si nimeshakwambia."

Watu walikuwepo. Mama mmoja aliyekuja kwa sizoni za Kikorea akacheka mpaka akashika ukuta. Hakunibadilishia, hakunirudishia buku yangu, hata pole hakutoa. Kwa hiyo kama mtaniuliza kuhusu huduma: hakuna huduma pale. Kuna kijana na karanga.

Muvi nimekuja kuiona baadaye kwa mpwa wangu, ya Kiingereza. Wapo wanaosema ni kazi kubwa, nakubaliana nao nusu. Sehemu ya Yotsuba ilinivunja. Ndiye mtoto aliyekutana na Fuutarou kule Kyoto walipokuwa wadogo, wakaahidiana kusoma kwa bidii, yeye kwa ajili ya mama yake, mwenzake kwa ajili ya familia yake. Fuutarou akawa kichwa cha shule. Yotsuba akajitahidi, akaanguka, akazama kwenye michezo, akafeli mpaka shule ya zamani ikamtoa, ndugu zake wakahama naye. Kwa hiyo anakutana tena na aliyemwahidi, maksi zake ni 8, na hasemi kitu. Amenyamaza sizoni mbili. Huyo nimemfundisha, jamani. Huyo nimemfundisha zaidi ya mara moja.

Halafu, kwa nini umpe nafasi kiduchu hivyo? Hasira zangu zote zinarudi hapa. Siku ya tamasha la shule kila dada anasubiri kwenye chumba chake, mvulana achague mlango mmoja. Anachagua, sawa, lakini wanne wengine tumekesha nao epsodi 24, huyu wa nne mapenzi yake tunapewa mkupuo mmoja kama dawa ya minyoo. Miku alijifunza kupika kutoka kwenye chapati za mawe... si chapati, ni vile vitumbua vyao vya viazi, alijifunza mpaka vikalika, na malipo yake ni machozi tu? Haruba alijua tangu ukurasa wa kwanza, mimi namwamini, lakini kujua peke yako si kufundisha. Mwanafunzi akileta jibu sahihi bila njia namkata maksi.

Halafu inakuja harusi. Watano wote wamevaa shela, sura moja, wanamwambia bwana harusi atambue nani ni nani. Mchezo ule ule aliokuwa akiushindwa zamani. Anawataja mmoja mmoja, na kila mmoja anamwachia neno lake. Nilikuwa nimeshaandaa nyota tatu. Zikawa nne. Kisha nikamkumbuka Miku zikarudi tatu. Leo sijui ni ngapi, ziache hapo.

Juzi nimepita pale dukani, si kwa kununua, chaja yangu imekufa na yeye anauza chaja pia. Akaniona. "Madam, uliona muvi? Kwa hiyo nani alistahili?"

Nikasema Miku, kwa sauti ya mtu asiyetaka maongezi.

"Mimi Nino," akasema. Na kwa mara ya kwanza akashusha mguu kwenye stuli.

"Nino? Aliyemtilia mwenzie dawa kwenye maji?"

Akanitazama kama mimi ndiye wa kufundishwa. "Madam, hiyo si epsodi ya kwanza tu?"

Nikalipa chaja nikaondoka. Nayo haichaji.