Polaroid ya zamani hapa Lamu: kabla hujaagiza filamu, soma hapa

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikipitiliza. Nilikusudia kuisifu kamera, na maneno nilikuwa nayo tayari. Lakini kila nikikaa kuandika sifa, sura ya yule karani inanijia, yeye na kidole gumba chake.

Kamera yenyewe ni Polaroid, zile zinazotoa picha ya karatasi papo hapo, ya plastiki nyeusi, aina ya 600, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1981. Niliipata kwa jamaa yetu aliyekuwa akifanya kazi hotelini Shela; mgeni alimwachia naye hakujua aifanyie nini. Mambo ya lenzi na fleshi mtayatafuta wenyewe. Mimi nasema jambo moja tu, ambalo ndilo linalonifanya niibebe mkobani kila nikitoka: picha yake ni moja. Haina negativu, haina nakala, haitumwi. Ikishatoka mdomoni mwa kamera unampa mwenyewe, na imekuwa yake.

Asiyekaa Lamu huenda asione uzito wa hili. Hapa kwetu mwanamke akiona simu imeinuliwa anajifunika au anageukia ukutani, na ana haki. Picha ya simu leo iko kwako, kesho iko Mombasa, kesho kutwa iko Dubai kwa mtu hata humjui. Lakini nikimwambia jirani, "Mama, hii utakaa nayo wewe, mimi sibaki na chochote," anaitazama kamera, ananitazama mimi, kisha anakaa vizuri uani kwake na kunyoosha mtandio. Nimewapiga picha wazee ambao mara ya mwisho walipigwa kwa ajili ya kitambulisho, tena kwa kulazimishwa.

Ndiyo maana mama mdogo akanitaka kwenye kupamba kwa binti yake, mwaka jana, katika zile harusi za Shaabani zinazofuatana mpaka mtu huna tena nguo ya kurudia. Kupamba mnakujua. Wanawake watupu, simu zote zimeachwa mlangoni, bibi harusi hina imempanda hadi viwikoni, asumini kichwani, dhahabu ya kwao na ya kuazima, halafu usiku ukipita hana hata picha moja ya kumwonyesha mwanawe. "Wewe njoo na kile kikamera chako cha karatasi," mama mdogo akasema. Nikaagiza filamu, pakiti mbili, kwa bei ambayo mume wangu hadi leo sijamwambia.

Filamu hizi Lamu hakuna. Kampuni ya Polaroid yenyewe ilitangaza kuacha kuzitengeneza mwaka 2008, watu wengine wakakichukua kiwanda cha Enschede kule Uholanzi, wakalazimika kuunda dawa upya, na hadi leo zinatoka hukohuko. Kwa hiyo mzigo wangu umetoka Uholanzi, umepanda ndege hadi Nairobi, umepanda basi hadi Mokowe, umepanda boti, umeshuka gatini salama salimini. Bahari na bara vyote vimeushindwa. Ukaja kufia kwenye ofisi moja ya vifurushi, hatua chache kutoka majini, ambayo siitaji jina kwa sababu mwenyewe ana jamaa mtaani kwetu na sitaki maneno.

Nilifika mchana, kaskazi imetulia, joto halisemeki. Boksi liko mezani limepasuliwa. Sisemi limefunguliwa, limepasuliwa. Mfuko wa foili wa ndani umechanwa. Kile kifuniko cheusi kinachokaa juu ya filamu kuzuia mwanga kimetupwa pembeni na vipande vya kamba. Na yule karani ameshika filamu zangu kadhaa nje ya ganda lake, mlango u wazi, anazigeuzageuza juani.

"Umefanya nini?"

"Tunakagua mizigo."

Ukaguzi sina ugomvi nao. Tunaishi Lamu, tunajua kwa nini mizigo inakaguliwa. Lakini kukagua si umuulize mwenye mali? Nikamwambia hizo hazitakiwi kuona mwanga kabla ya kuingia kwenye kamera, zimeshaharibika.

"Zimeharibika wapi? Hizi si karatasi tupu?"

Akaichukua moja akaanza kuibonyeza ile sehemu nene ya chini, kama mtu anayepima embe sokoni. Pale ndani kuna kifuko cha dawa. Kinatakiwa kupasuka kati ya rola mbili za kamera, pale picha inapotoka, dawa isambae sawasawa juu ya picha nzima. Hakikuumbiwa gumba la mtu. Tena dawa yenyewe ni kali, inachoma ngozi. Nikamwambia akanawe mikono. Akacheka.

"We msichana, kwani huna simu? Simu yako haipigi picha?"

Msichana! Nina mtoto darasa la saba. Na nyuma yangu kuna foleni, vijana wawili wenye magunia na mzee mmoja wa kanzu, wote wakacheka naye. Mzee alicheka zaidi. Filamu zingeungua peke yake ningeshasahau, wallahi. Ni kile kicheko ambacho hakijanitoka.

Nikaomba kuonana na mkubwa wake. Mkubwa akaja na upole mwingi, ule upole wa mtu ambaye ameshaamua kutokulipa. Akaisoma risiti taratibu. Imeandikwa "karatasi za picha". Akaziinua karatasi za picha, akazitazama mbele na nyuma, akaniuliza, "Kuna iliyochanika?" Hakuna iliyochanika. "Basi mzigo umefika kamili." Akaniomba nitie sahihi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1943 binti mdogo wa Edwin Land, yule Mmarekani aliyebuni kamera hizi, alimuuliza baba yake kwa nini picha aliyopigwa haioni palepale. Baba akalifikiria swali la mtoto, akahangaika, na mwaka 1948 kamera ya kwanza ya namna hii ikauzwa Boston. Mtu anamaliza miaka kwa sababu ya swali la mtoto wake. Halafu anatokea mtu wa kuuliza, "Hizi si karatasi tupu?"

Pakiti ya pili niliinyakua mezani kabla hajaifikia. Lakini nayo ilikuwa imekaa dirishani juani, sijui tangu lini. Filamu hizi zinataka joto la nyuzi 13 hadi 28 za Selsiasi, na mimi niambie Lamu ya Shaabani utapata wapi 28 mchana. Niliiweka kwenye friji ya mama mdogo kando ya jagi la ukwaju nikaomba dua.

Usiku wa kupamba, picha zilitoka. Zilitoka manjano. Ukuta manjano, dhahabu manjano, uso wa bibi harusi manjano, na hina yote aliyokaa nayo mchana kutwa imepotelea kwenye ngozi. Halafu picha ikitoka haitakiwi mwanga, unailaza kifudifudi uisubiri kama robo saa. Lakini kila mama aliyeipokea aliitikisa. Sijui nani aliwafundisha kuitikisa, wote wanaitikisa, hata wa miaka themanini.

Na hapa kamera nayo ikanitia aibu yake, maana nisimlaumu karani peke yake. Pakiti za zamani zilikuwa na picha kumi. Za sasa zina nane, na kamera haina habari. Ukiweka pakiti mpya inakuonyesha 10, zikiisha zote inakuonyesha 2. Mama mmoja mkubwa wa upande wa bwana harusi akachungulia kidirisha cha nyuma. "Mbona zimebaki mbili na sisi hatujapigwa?" Nikaeleza. Katikati ya vigelegele na ngoma, nani anasikiliza hadithi za viwanda vya Uholanzi? Upande ule hadi leo wanaamini niliwanyima. Salamu wanaitika, lakini kwa mbali.

Usiku ule niliichukia. Nilikuwa tayari kumrudishia jamaa yangu wa Shela aiweke dukani kwa wageni. Kamera inayotegemea kitu kisichouzwa hapa, kisichostahimili joto la hapa, kinachopita mikononi mwa watu wa hapa: hiyo ni kamera au adhabu? Nyota mbili, nikasema. Moja ya sura na moja ya kumbukumbu ya aliyeibuni.

Baada ya wiki kadhaa nikamtembelea bibi harusi kwake. Picha zake za manjano amezipanga, mwenyewe kacheka zilivyotoka. Nikamuomba radhi kwa rangi. Akaniambia, "Dada, mume wangu alipoziona aliniuliza nani mwingine anazo. Nikamwambia hakuna. Hakuamini." Akarudia lile "hakuamini" kwa raha mpaka mimi mwenyewe nikaona haya. Sasa nyota mbili nitazitoa wapi tena? Ziwe nne. Ya tano aikate karani.

Kwa wanaoitaka: ikiwa kamera yako ni ya 600 kama yangu, boksi lililoandikwa i-Type liache, halitafanya kazi. Kamera hizi za zamani hazina betri, betri imo ndani ya pakiti ya 600, na kwenye i-Type haimo. Mtu unaempiga asikae karibu mno, hatua mbili hivi, la sivyo uso unakuwa ukungu. Mchana kwenye hizi kuta zetu nyeupe sogeza kile kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga upande wa mwanga kidogo. Ukiona jua limekaa utosini, rudi ndani, piga alasiri.

Na filamu, kama una mtu wa kuaminika anatoka Nairobi, mpe aibebe mkononi. Mimi sina, kwa hiyo bado napitia ofisi ileile, kwani zilizobaki ni hizohizo. Karani yupo, na bado ananiita msichana. Ila shoga yangu mmoja anayeagiza vitu vyake Mombasa alinifundisha cha kumwambia mtumaji aandike juu ya boksi, na tangu nimuige hakuna boksi langu lililoguswa, hata kamba haijalegezwa. Analisukuma kwangu kwa ncha ya kalamu, macho kayatupa baharini. Tunaandika: "Nguo za ndani za kike."