Mazda Atenza ya dizeli iliyotumika: uzoefu wangu na mambo niliyoyakagua kabla ya kutoa pesa

Ninaendesha Mazda Atenza ya dizeli, sedani yenye injini ya lita 2.2, ya mwaka 2014, na safari zangu nyingi ni za Mombasa kwenda Voi na kurudi. Kwa barabara ile ni gari zuri sana. Lina nguvu za farasi 175 na torki ya Nm 420, kwa hivyo kulipita lori mlimani hakukupi wasiwasi, na kwenye safari ndefu lita moja hunifikisha kilomita 16 hivi. Lakini kabla ya kulipata nilikagua mengine kadhaa kwenye yadi na kwa watu binafsi, na mengi niliyaacha. Wanaonipigia simu kuuliza habari za dizeli ndogo za Kijapani huanza na rangi, viti na redio. Mimi nasema anzeni na oili na masizi.

Aina hii ilianza kuuzwa Japani Novemba 2012. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hivyo yale ya mwanzo yanayouzwa sasa hayatoki melini. Yameshapita mikononi mwa watu hapahapa, na namna walivyoyatunza ndiyo unayoinunua.

Jambo la kwanza ni kulikuta gari likiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Mara moja nilikuta boneti ina moto asubuhi na mapema, na mwenyewe akadai alikuwa amelisogeza tu kivulini. Injini ya dizeli ikishapata joto huficha mengi: mlio wa cheni, moshi wa kuwashia, kutetemeka kwa silinda moja iliyochoka. Cheni inayogonga kwa sekunde chache injini inapowaka asubuhi, halafu ikanyamaza, saa sita mchana huisikii kabisa.

Halafu chomoa kijiti cha oili, injini ikiwa imezimwa na gari limesimama tambarare. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Kwenye Atenza ya dizeli, juu ya alama ya F, yaani oili imejaa, kuna alama nyingine, X. Oili ikifika kwenye X, ujue imeingiliwa na dizeli. Kisa chenyewe ni DPF, kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kikikaribia kujaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli ndani ya silinda kwa kuchelewa ili moshi upande joto hadi nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ukiwa unaelekea Voi kwa mwendo mmoja, masizi huungua yakaisha na mambo yakatulia. Ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, unazima gari kazi ikiwa nusu, ukiwasha inaanza upya, unazima tena. Oili inapanda, na inapoteza uzito wake.

Yadi moja fundi wangu alichomoa kijiti, na oili ikaanza kudondoka kabla hajakifuta. Ilikuwa imepita X. Aliipaka kati ya kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha. Haikuvutika hata kidogo, ilikuwa nyepesi kama maji, na harufu ya dizeli ilinifikia niliposimama. Muuzaji akasema, "Oili imejaa vizuri, ndugu yangu, hilo gari linatunzwa." Fundi akamrudishia ufunguo kwa adabu. Oili ya namna hiyo haiwezi kukinga beringi wala tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na injini hii ina tabo mbili, ndogo na kubwa. Hata ukibadilisha oili siku hiyohiyo, vyuma vilivyokwisha kusagika havirudi.

Fungua pia kifuniko cha kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Weusi ni wa kawaida kwa dizeli. Tope gumu lililogandamana ndilo la kukimbia. Tope hilo huenda likaziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, pampu ikakosa oili ya kuvuta, na tabo ndiyo ya kwanza kufa. Mara nyingi chanzo ni vioshea vya shaba vilivyo chini ya injekta, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda: vikichoka, moshi wa mwako hupenya ukaichoma oili. Injini ikiwaka, sikiliza karibu na injekta. Ukisikia pumzi inayotoka kwa mapigo, au ukiona lami nyeusi pembeni mwake, kazi ipo hapo.

Upande wa ekzosi ninatumia tishu nyeupe tu. Ingiza kidole kilichovikwa tishu kwenye mdomo wa bomba. Gari lenye DPF nzima huwa safi ajabu humo ndani, tishu inatoka na vumbi la kijivu kidogo. La kwangu lilitoka hivyo. Ikitoka nyeusi tititi, DPF imepasuka au imetobolewa ili taa isiwake kwenye dashibodi. Wanaofanya hivyo ni wengi, na wanauza bila kusema. Binafsi silitaki gari la namna hiyo: moshi huo wanauvuta watoto wa jirani, na hujui fundi aliyecheza na programu ya injini aligusa nini kingine.

Kuna jambo moja sisi wa pwani hulisahau. Joto letu huficha plagi za kupasha joto zilizokufa. Injini hii ina mgandamizo mdogo kwa dizeli, 14 kwa 1, na kukikuwa na baridi inategemea sana plagi hizo. Mombasa itawaka bila tatizo, halafu ukaipeleke Limuru mwezi wa Julai uone inavyokohoa. Hazionekani kwa macho, zipimwe kwa kompyuta. Kompyuta hiyohiyo ikuonyeshe kiasi cha masizi ndani ya DPF na hitilafu zilizowahi kurekodiwa. Zikiwa zimefutwa jana yake, uliza kwa nini.

Majaribio barabarani yasiishie kuzunguka yadi. Mimi nililipandisha Mazeras na dirisha wazi, fundi akitufuata nyuma kwa gari lake aangalie moshi. Mweusi mwingi huashiria hewa haitoshi: bomba la tabo linavuja au EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, imejaa masizi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikishapata joto ni dizeli isiyoungua au maji ya rejeta. Giaboksi ibadilishe gia bila kushtua. Bushi na shokapu zikigonga, punguza bei tu, hizo ni kazi za siku moja.

Kilomita za dashibodi sizitegemei peke yake. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani huonyesha kilomita zilizosomwa huko, na karatasi ya mnada hutaja daraja. Ukiona R, gari hilo liligongwa likatengenezwa. Omba pia rekodi ya umiliki kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ujue kama halina mkopo wa benki.

Tangu nilichukue, nabadilisha oili kila kilomita 5,000, ile ya majivu machache iliyoandikwa C3 au DL-1, kwa sababu oili ya kawaida ya dizeli huijaza DPF majivu ambayo hayaungui. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni ukigoma na mzunguko wa injini ukapanda kidogo gari likiwa limesimama, najua masizi yanachomwa, basi nasogea mbele hadi Mariakani kabla ya kuzima.

Dada yangu anakaa Likoni na anavuka feri kila siku kwenda kazini mjini. Aliniomba nimtafutie gari kama hili. Nilimtafutia Atenza ya petroli, ya lita 2.0.